Hadithi ya Bibi Ilipoimbwa Ghalani

Wiki mbili zilizopita nilimwita fundi aje kufumua godoro la zamani la pamba, lile ambalo mama yangu amekataa kulitupa miaka yote. Fundi alikaa kwenye kivuli cha ukuta, akakata uzi kwa wembe, pamba ikamwagika kwenye turubai. Ilikuwa imeshikana mabonge mabonge, na rangi yake imekuwa kama chai ya maziwa. Nilikuwa natoka ndani na kikombe cha maji ya kumpa, mara harufu ikanifikia. Sisi tuliokulia Bariadi, malori ya pamba yakipita mlangoni, tunaijua: vumbi, mafuta ya mbegu, na kitu fulani kama jasho la mtu uliyemzoea. Nikakaa pale pale kwenye ngazi, kikombe mkononi.

"Dada, unaumwa?" fundi akauliza.

Nikamwambia siumwi. Nilikuwa tu nimerudi kwenye umri wa miaka tisa, ndani ya ghala tupu, nimesimama kando ya kinanda.

Baba alikuwa mtunza ghala. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya ghala la pamba, vyumba viwili na jiko la nje, na maisha yetu yalikwenda kwa kufuata pamba. Msimu ukifunguka, uani palijaa mikokoteni ya ng'ombe kutoka Nkololo na vijiji vya mbali zaidi, wakulima wakisubiri mizani, na baba hakuonekana ila kofia yake. Msimu ukifungwa na lori la mwisho likiondoka, ghala lilibaki wazi, limefagiliwa, na sisi watoto tuliingia kupiga kelele ili tusikie kelele zetu zikirudi. Ukisema "Kabula" mara moja, ghala lilikuita mara tatu. Kabula ndilo jina langu. Nilizaliwa siku ya mvua, ndiyo maana yake.

Bibi, mama yake baba, alikuja kuishi nasi akitokea Nkololo. Baba alisema amemleta mjini ili apumzike. Alikuja na sanduku la bati, kopo la ugoro, na kichupa cha samli ambacho hakuruhusu mtu mwingine akiguse. Kiswahili chake kilikuwa kifupi na cha kuazima. Alipochoka nacho alikiacha njiani, akaendelea kwa Kisukuma. Nililala naye kitanda kimoja. Kila jioni tukishakula, na mama akishaosha vyombo, Bibi alinisimulia. Mchana hakusimulia kamwe. Ukimwomba alikuambia, "Mchana ni wa jembe," hata kama hapakuwa na jembe wala shamba, sisi tukiwa watu wa ghala.

Hadithi niliyoipenda ilikuwa ya msichana aliyempa chatu jina lake. Mvua ilikuwa imegoma, ng'ombe wamebaki ngozi na mifupa, na ilijulikana kwamba chatu amelala juu ya chemchemi, amezuia maji yote chini ya tumbo lake. Msichana akatumwa kumwomba. Chatu akasema, maji nitayaachia, lakini wewe niachie jina lako. Msichana akalitoa. Mvua ikanyesha siku saba, mabonde yakajaa. Ila alipotaka kurudi kwao, hakuna aliyeweza kumwita, maana jina limebaki kwa chatu na watu wote wamelisahau, na mtu asiyeitwa hawezi kuiona njia ya nyumbani. Basi mama yake akasimama penye miiba ya zizi, akawa anaita majina yote anayoyajua, moja baada ya jingine, labda mojawapo ni la mwanawe. Hapo Bibi aliacha kusimulia, akaanza kuimba. Aliimba majina, "Limi... Holo... Minza... Wande..." kwa sauti ya chini, akivuta kila jina mpaka pumzi imwishie. Majina yalikuwa mengi sana, na mimi nilikuwa mtoto. Hata siku moja sikuwahi kufika mwisho. Usingizi ulinichukua mama yule akiwa bado anaita.

Mwalimu Perpetua alikuja mwaka huo huo. Alikuwa mzaliwa wa Malampaka, baba yake alifanya kazi reli, na kanisa lilikuwa limempeleka ng'ambo kusomea uimbaji. Hilo peke yake lilitosha kuwachekesha watu: mtu anapandishwa ndege kwenda kujifunza kuimba, kana kwamba huku hakuna midomo. Alipangiwa kufundisha sekondari, akapanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Siku ya kwanza kumsikia nilikuwa napita na ndoo. Sauti ilitoka dirishani kwake, nyembamba, ya juu, ikapanda, ikapanda tena mahali ambapo sauti ya mtu inapaswa kukoma, halafu ikatetemeka huko juu bila kuanguka. Niliiacha ndoo. Nilikimbia hadi kwa Bibi.

"Mwalimu anakufa! Kuna kitu kimemuuma!"

Bibi hakuuliza mara mbili. Alichukua fimbo yake, akafunga kitenge vizuri, tukaenda. Alibisha mlango kwa fimbo. Mwalimu Perpetua akafungua, mzima kabisa, miwani puani, karatasi mkononi.

"Mwadila, mayu," akamsalimia kwa Kisukuma, kwa heshima ya kumwita mama.

"Mwadila. Nani amekupiga?"

"Hakuna, mayu. Naimba."

Bibi alimwangalia kuanzia miguuni mpaka kichwani. "Unamwimbia nani aliye mbali hivyo?"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, akajibu kama mtu aliyeulizwa swali la kweli. "Sijui bado, mayu."

Hivyo ndivyo walivyojuana. Tangu siku hiyo Bibi alimwita "yule wa mbali". Na Mwalimu, aliposikia kutoka kwangu kwamba Bibi ana hadithi, alikuja mara mbili mchana kuziomba, akaambiwa mchana ni wa jembe. Jioni alikuwa na masomo ya ziada shuleni. Basi nikawa mimi ndiye ninayebeba. Nasikia jioni, kesho yake nikitoka shule napita kwa Mwalimu, ananipa mkate uliopakwa siagi, na mimi namsimulia. Aliandika mwanzoni kwa maneno. Baadaye alichora mistari mitano mitano, akaweka juu yake vidoti vyeusi vyenye mikia.

"Hivi ni nini?" niliuliza.

"Noti. Ndiyo hadithi yenyewe ya bibi yako, sasa imo humu."

Viluwiluwi, nilifikiri. Niliwaona wakiwa wamejipanga kwenye mistari kama kwenye maji ya dimbwi, na nikaamini neno lake kama lilivyo. Hadithi imo humu.

Alikuwa anatunga nyimbo tano kutokana na hadithi nilizompelekea, nyimbo za sauti moja na kinanda, kama alivyofundishwa huko, lakini maneno yake ya kwetu na mambo yake ya kwetu. Alitaka kuziimba mbele ya watu wa Bariadi kabla ya kuziimba mahali pengine popote. Ya mwisho, na ndefu kuliko zote, ilikuwa ya msichana na chatu. "Na mwisho wake?" aliniuliza. "Mama anaita majina, halafu?"

Nilimwambia nitauliza. Jioni hiyo nilikaza macho nisilale. Bibi alianza vizuri. Chatu akalala juu ya chemchemi, msichana akatumwa. Kisha Bibi akanyamaza. Nilisubiri. Mama aligonga sufuria jikoni, mbwa wa jirani akabweka.

"Halafu?" nikasema.

Bibi alinigeukia. "Halafu?" akaniuliza mimi.

Nilidhani ni mchezo. Nikamkumbusha, akaitikia, "Enhe, enhe," kama mtu anayeambiwa habari za ukoo asioujua. Majina hakuyaimba. Kesho yake aliniita Mbuke. Mbuke alikuwa dada yake, aliyekufa baba akiwa mdogo. Wiki iliyofuata alitia chumvi kwenye chai ya watu wote, akakasirika tulipokunja uso. Halafu siku moja sokoni alimkamata mama mmoja muuza michembe, vile viazi vikavu, akasema yule mama amevaa kitenge chake, akamvuta hadi kitenge kikafunguka. Baba alikwenda kumchukua. Walirudi wameshikana mikono, baba akiangalia chini.

Mtoto wa miaka tisa anajua kujumlisha. Nilikuwa nimebeba hadithi tano kutoka kwa Bibi kwenda kwa Mwalimu. Kila niliyoibeba, Bibi hakuwa nayo tena. Nilikuwa nimeziona kwa macho yangu zimefungiwa kwenye karatasi, zina mikia, haziwezi kutoka. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba mimi ndiye niliyemmaliza Bibi, na hakuna aliyehitaji kuniambia.

Mwalimu alipouliza tena mwisho wa hadithi, nilitunga. Nilisema mama alikumbuka jina, akaliita, msichana akarudi mbio, wakafurahi. Mwalimu aliandika, lakini alibaki ameshika kalamu. "Aliisemaje hasa hapo?" Nikasema hivyo hivyo. Mkate wangu niliuacha nusu.

Siku mbili baadaye nikaiba. Mwalimu alitoka kuanua nguo, mimi nikachukua karatasi moja ya wimbo wa chatu, nikaikunja ndani ya sare. Usiku niliiweka chini ya mto wa Bibi, upande wa sikio lake. Niliwaza kwamba akilala, viluwiluwi watajua njia, watarudi walikotoka. Nililala nikimsikiliza anavyopumua. Asubuhi niliamka nikamkuta ameketi kwenye mwanga wa mlango. Alikuwa amechana karatasi vipande vidogo vya mraba, na kwa utulivu kabisa alikuwa anafunga ugoro, kipande kimoja kimoja.

"Bibi! Hadithi!"

"Karatasi nzuri hii," akasema. "Haivuji."

Nililia nikaenda kwa Mwalimu kabla ya shule, na vipande vinne vyenye harufu ya ugoro mkononi. Nilimwambia yote: kuiba, mto, chumvi ya chai, kitenge cha sokoni. Nilimwomba afungue karatasi zote na amrudishie Bibi hadithi zake, hata kama nyimbo zitaharibika.

Mwalimu hakucheka. Alinikalisha kitandani kwake.

"Kabula, jirani akija kuomba moto, mkampa kaa moja, moto wa jikoni kwenu unazimika?"

"Hauzimiki."

"Basi na hadithi ndivyo ilivyo."

Nilifikiri. "Lakini wa kwetu unazimika, Mwalimu."

Nakumbuka alichukua vile vipande, akavipanga mezani kwa kidole, hiki kando ya hiki, ingawa wimbo wenyewe aliujua kwa moyo na angeweza kuuandika upya jioni hiyo hiyo. Mwishowe akasema, "Siwezi kuzirudisha. Ila naweza kumwimbia yeye mwenyewe, asikie. Mlete siku ya onyesho."

Onyesho lilikuwa limekosa mahali. Wazee wa kanisa walikuwa wamemwambia kwa upole kwamba habari za chatu hazifai kuimbwa mbele ya altare. Ndipo Mwalimu alipomwendea baba, akaingia ghalani, akapiga kofi moja, akasikiliza likirudi. "Hapa," akasema. "Hata kule nilikosoma hawana hapa." Baba alifurahi kama mtu aliyesifiwa mwanawe. Alitoa ghala. Mzee Saidi wa dukani, ambaye alikuwa akikodisha viti vya plastiki kwa shughuli, alivileta bila kuombwa. Tangazo likabandikwa mlangoni kwake: Onyesho la nyimbo za hadithi, Jumamosi, saa kumi alasiri, hakuna kiingilio.

Lakini baba alikataa Bibi aende.

"Watu watamcheka," alimwambia mama. "Kama sokoni. Mama yangu hatachekwa mara mbili."

Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilitoka. Sikupanga kusema, ila yalitoka yote kwa pamoja, kwamba lazima aende, kwamba ni mimi niliyemmaliza, kwamba nilibeba hadithi zake kwenda kwa Mwalimu na sasa hana hata moja.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, anafunga kamba za viatu. Aliziacha.

"Nani amekuambia hivyo?"

"Hakuna."

Akaninyooshea mkono, nikaenda. "Sikiliza. Kabla hujaanza darasa la kwanza, nilikwenda Nkololo nikamkuta ameketi uani. Akaniita kwa jina la baba yangu. Akaniuliza kama ng'ombe wamekunywa. Baba yangu alikwisha kufa, na ng'ombe tulikwisha kuwauza." Akaivuta kamba ya kiatu. "Nikamjibu wamekunywa. Ndiyo sababu nilimleta huku. Si kupumzika."

Mama alikuwa ameacha kukuna nazi. Nadhani hata yeye alikuwa hajaambiwa hivyo. Baba alifunga upya kamba za viatu, akachukua muda mrefu kuliko kamba zinavyohitaji. Jumamosi, saa tisa na nusu, alimbeba Bibi kwenye baiskeli, ingawa ghala lilikuwa hatua mia tu, kwa kuwa alitaka aonekane anaingia kama mgeni wa heshima.

Kinanda kilikuwa kile cha kukanyaga kwa miguu, kimeazimwa, panya walikuwa wametoboa mfuko wake wa hewa na Mwalimu ameuziba kwa plasta ya kidonda. Kazi yangu ilikuwa kugeuza karatasi akiinamisha kichwa. Nilivaa gauni la Krismasi. Ghala lilijaa: wakulima, wanafunzi, wauza duka, akina mama waliokuja kuona mtu aliyesomea kuimba. Wengi walitarajia ngoma na kwaya ya watu ishirini. Walimwona mwanamke mmoja na kinanda.

Alipoanza wimbo wa kwanza, na sauti ikapanda kule inakopanda, watu wakacheka. Kicheko kilianzia nyuma, kikasambaa, na ghala likakirudisha mara tatu kama lilivyokuwa likirudisha jina langu. Kijana mmoja alilia kama mbuzi. Niliona shingo ya Mwalimu ikitoka jasho, lakini miguu yake haikuacha kukanyaga. Wimbo wa pili vivyo hivyo. Ndipo Mzee Saidi akasimama, kofia yake ikiwa imenyooka kichwani.

"Jamani. Mtu akiwa anakula hachekwi. Mwacheni amalize, halafu tutacheka wote, na mimi nikiwemo."

Watu wakamcheka yeye badala ya Mwalimu, wakatulia. Wimbo wa tatu ulisikilizwa. Katika wa nne nilisikia mtu akisema, "Kumbe ni fisi yule," na mwingine akamnyamazisha. Walikuwa wameshaanza kuijua hadithi ndani ya ile sauti ngeni.

Kisha ukaja wa chatu. Kinanda kilianza chini kabisa, kizito, mpaka mbao za sakafu zikatetemeka miguuni mwangu. Nikageuza karatasi ya kwanza, ya pili. Mvua ikanyesha katika vidole vya Mwalimu. Bibi alikuwa amekaa mbele, katikati ya baba na mama, anatafuna mdomo wake mtupu, anaangalia paa. Sikuona kama anasikia chochote. Mwalimu akafika pale mama anaposimama penye miiba ya zizi, akaanza kuita, juu, peke yake, "Limi... Holo..."

"Hapana," Bibi akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini ghala lilikuwa kimya. Baba akamshika mkono. Bibi akautoa, akainuka, akaegemea fimbo.

"Hapana, yule wa mbali. Mtoto hayuko mbinguni. Yuko hapo bondeni. Mwite chini."

Na akaimba. "Minza... Wande..." Ile sauti ya chini niliyolala nayo miezi mingi, iliyokwaruza, ikivuta kila jina hadi pumzi iishe. Kuna waliotoa kicheko kidogo, kisha kikafa. Mwalimu alinitazama. Nilikuwa nimeshika ncha ya karatasi, sijui nigeuze au nisigeuze, kwa sababu Bibi hakuwa kwenye karatasi. Akatikisa kichwa: acha. Akaweka vidole viwili tu juu ya kinanda, akashikilia sauti moja ndefu kama nyuki ndani ya mzinga, akamsubiri. Bibi alipomaliza jina, Mwalimu alilichukua, akaliimba tena, safari hii chini, karibu na la Bibi. Bibi akatoa jingine. Wakaenda hivyo. Akina mama wa viti vya nyuma wakaanza kuitikia, kwa sababu hadithi ya kwetu haiachwi iende peke yake, na sijui majina yalikuwa mangapi. Safari hii sikulala.

Kisha Bibi akaacha kuimba. Kinanda kilibaki na ile sauti moja.

"Yule mama akachoka," Bibi akasema. Alikuwa anaongea na Mwalimu, si na sisi. "Majina yamekwisha. Akarudi nyumbani, akasonga ugali, akapakua. Akasimama mlangoni akaita: njooni mle! Watoto wote wakaja mbio, wake na wa jirani. Akawahesabu. Na yule yumo."

Akakaa. "Ukiita watu kula, huhitaji jina," akamalizia, akatafuta kopo lake la ugoro.

Sijui kama palikuwa na makofi kwanza au kilio kwanza. Mama alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya kitenge. Baba alisimama, akaenda hadi kwenye mizani mikubwa ya pamba kule pembeni, akawa anaikagua kana kwamba kuna mkulima anasubiri. Mwalimu Perpetua alitoka kwenye kinanda, akapiga magoti mbele ya Bibi kama binti anavyomsalimu mkubwa, akamshukuru, "Wabeja, mayu. Wabeja sana." Bibi akamjibu kwamba anaimba vizuri, ila ajifunze kukaa karibu.

Mwalimu aliishi Bariadi miaka michache zaidi, kisha akahamishwa. Niliwahi kupata barua yake nikiwa sekondari. Aliandika kwamba ameuimba ule wimbo sehemu nyingi, na kwamba karatasi ya mwisho hajaiandika noti hata moja. Akifika pale anaacha kuimba na kusema maneno ya Bibi kama yalivyosemwa. Bibi hakupona, maana haukuwa ugonjwa wa kupona. Hakuisimulia tena hadithi ile, wala nyingine. Miaka miwili baadaye alifariki, na miezi ya mwisho hakumtambua hata baba, alimwita "kijana" na kumshukuru kwa kila kitu.

Lakini siku ile ya onyesho tulirudi nyumbani kwa miguu, baba akikokota baiskeli, jua bado liko juu ya mapaa ya bati. Watu walimsimamisha Bibi njiani kumpa mkono, naye alipokea mikono yote bila kuuliza sababu. Mimi nilitembea upande wake. Nilikuwa mwepesi kuliko nilivyowahi kuwa. Nilikuwa na uhakika kwamba amerudi, kwamba jioni ataanza na msichana na chatu na kufika mwisho.

Tulipofika uani aliketi kwenye mkeka, akamwambia mama, "Yule mtoto wa karatasi ni wa nani?"

Mama alinitazama. "Wa hapa hapa, mama."

"Ana adabu. Lakini mikono yake mikavu kama kuni. Nilikuwa naiona pale." Akaingiza mkono kwenye kitenge, akatoa kile kichupa cha samli. Kisha akaniona mimi nimesimama mbele yake, akanitazama kwa ukarimu, kama unavyomtazama mtoto wa mtu. "Na wewe pia njoo. Lete mikono."

Nikapiga magoti, nikampa. Alinipaka polepole, kidole kimoja kimoja, mpaka kwenye kiwiko. Viganja vyake vilikuwa vigumu na vya moto.

"Wewe ni wa nani?" akauliza.

"Wa kwako, Bibi."

"Vizuri," akasema, akachukua mkono wa pili.